Siku Tuliposema Meshaki Hana Kinga

Nyie wauguzi mnaoanza kazi sasa, mkipangiwa wodi ya lishe mnanuna. Najua, maana na mimi nilinuna. Kila mtu anataka chumba cha upasuaji, avae kofia ya kijani, arudi nyumbani asimulie kwamba leo tumepasua. Wodi ya lishe haina cha kusimulia. Kule ni kikombe, kijiko, na mtoto anayekutazama bila kulia. Nimefanya kazi hiyo karibu utumishi wangu wote, kwanza Njombe mjini, halafu Makambako, na sasa nimestaafu. Nimebaki na goti bovu, miparachichi michache nyuma ya nyumba, na mdomo ambao haujastaafu. Kwa hiyo nivumilieni kidogo, nataka kuwaambia habari za tumbo.

Wageni wakija huku kwetu wanashangaa. Chakula si tatizo la nyanda hizi. Simama pale njia panda ya Makambako uone malori ya mahindi yanavyopishana na malori ya mbao, viazi vimerundikwa kando ya barabara mpaka vinaota. Na bado wodi yetu haikuwahi kukauka watoto. Daktari mmoja mgeni aliniuliza kama watoto hawa tunawatoa mkoa mwingine. Nilitaka kumjibu vibaya, nikameza mate. Mtoto wa huku anashiba, hilo ni kweli. Asubuhi anashiba uji mweupe wa sembe, mchana anashiba kiazi, jioni anapewa ugali na mchuzi wa maharage bila maharage yenyewe, kwa sababu meno hayajatosha. Mama yuko shambani, au anachuma chai, au anabeba mbao. Mtoto tumbo limejaa, amelala, anakoroma. Nani atajua kwamba humo ndani kuna njaa?

Aliyenifundisha kazi ni Sista Kilasi, Mbena mfupi mwenye sauti ya kuongozea kwaya. Wiki zangu za mwanzo nilimpokea mtoto aliyevimba miguu, ngozi inabanduka, amelegea kama kitambaa. Nikampima joto, nikafurahi. Nikamkimbilia Sista Kilasi nikamwambia, "Huyu afadhali, hana homa."

Akaniangalia kwa huruma, siyo huruma ya mtoto, ya kwangu mimi. "Ndiyo maana nataka usiondoke hapo kitandani," akasema. "Mtoto mwenye homa anapigana. Huyu hata kupigana hawezi."

Kumbe yule mtoto alikuwa na nimonia, na mwili haukuwa na nguvu hata ya kupandisha joto. Homa ni kelele za askari wa mwili wakiwa kazini. Pasipo askari pana ukimya, na ukimya huo uliniogopesha mpaka siku niliyokabidhi funguo za wodi. Ndiyo sababu mtoto wa utapiamlo mkali tunampa dawa ya kuua bakteria hata kama haonyeshi dalili, na tunamfunika, tunamlaza kifuani kwa mama yake, hasa huku kwetu ambako baridi ya mwezi wa sita inapenya mpaka kwenye mifupa. Mkiona mama amemvulia mtoto kofia kwa sababu ametokea mgeni wa kumwangalia, irudisheni. Msione haya.

Chuoni tulifundishwa kwamba chakula ni cha aina tatu. Cha kujenga mwili, cha kutia nguvu, cha kulinda. Tuliimba kama pambio. Lakini chakula kinalindaje, hakuna aliyetuambia, na sisi hatukuuliza. Miaka mingi baadaye ndipo tulipoletewa semina, na mwalimu wa semina akachora utumbo ubaoni. Mimi siku zote nilidhani utumbo ni bomba. Huku kinaingia, kule kinatoka. Yeye akasema ule ukuta wa ndani unafanana na taulo, una vinywele vidogo mno vilivyosimama, na vinywele hivyo ndivyo vinavyopokea chakula na kukiingiza kwenye damu. Halafu akachora vidoti chini ya lile taulo, vingi, akavijaza mpaka chaki ikakatika. "Hapa," akasema, "ndipo mwili ulipoweka askari wengi kuliko mahali pengine popote."

Ukifikiri vizuri ni sawa kabisa. Adui wengi wanaingilia mdomoni. Ila kilichonishangaza mimi si mahali walipo, ni jinsi wanavyokua. Askari hao ni chembe hai, na zikiwa changa hazijui kazi. Hazijui maziwa ni rafiki na kijidudu cha kuhara ni adui. Zinajifunza, na zinajifunzia kwa kile kinachopita pale: maziwa ya mama, chakula, na wale vijidudu wema wanaoishi tumboni. Vitamini A ya kwenye boga, karoti na mboga za majani, ikishafyonzwa, inageuka kuwa kama amri ya kituo cha kazi, inawaambia askari warudi tumboni wakakae huko. Mtoto asipoipata, askari wake wanazurura kwenye damu bila kujua wamepangiwa wapi. Protini ikikosekana hawaongezeki. Madini ya zinki yakikosekana hawakomai. Hata yale makapi ya dona na mboga, ambayo sisi tunaona hayana maana, yanaliwa na vijidudu wema, na kinachobaki hapo kinawatuliza askari wasije wakapigana na chakula chenyewe.

Kwa hiyo mkimlisha mtoto kijiko kimoja, mjue mnalisha wawili, mtoto na askari wake. Na ule ukuta ukishachakaa kwa njaa unakuwa mzunguko mbaya. Chakula hakifyonzwi, askari hawakui, kuhara kunaingia, ukuta unazidi kuchakaa. Ndiyo maana hatuanzi na sahani iliyojaa. Tunaanza na maziwa maalumu mepesi, kidogo kidogo, mchana na usiku, mpaka tumbo likumbuke kazi yake. Mama akikulilia kwamba mwanawe ananyimwa, mwelezeni, msimfokee. Ukimpa mtoto huyu bakuli la ugali siku ya kwanza, moyo wake unaweza kusimama. Nimeona, na sitaki kusimulia.

Baadaye kilikuja chakula dawa, ile siagi ya karanga ya kwenye pakiti, na kazi ikawa nyepesi kidogo. Nyepesi, lakini na vituko vyake. Baba mmoja pale Makambako, fundi wa matairi, alizimaliza pakiti za mwanawe kwa kupaka kwenye mkate. Nilipombana akasema alitaka kuhakikisha siyo sumu. Nikamuuliza amehakikisha mara ngapi. Akacheka, nikashindwa kuendelea kukasirika, nikampa nyingine na onyo.

Sasa niwaambie habari ya neno. Majina nimeyabadilisha, na familia yenyewe ilishahama zamani, kwa hiyo msihangaike kuitafuta.

Wodi ya Makambako tulipata daktari kijana, tumwite Daktari Nuru, binti wa Tanga, mpole, Kiswahili chake kitamu mpaka wagonjwa walikuwa wanamuita tu wamsikie akiongea. Nilimpenda sana. Alikuwa hapiti kitandani bila kuwafundisha wanafunzi, na alikuwa anakataa kufundisha kwa Kiingereza mbele ya mama wa mtoto. Alisema ni utovu wa adabu kumjadili mtu mbele yake kwa lugha asiyoijua. Alikuwa sahihi, na bado hapo ndipo tulipoteleza.

Meshaki aliletwa kutoka kijiji cha Mahongole, anakaribia miaka miwili, amevimba miguu na uso, nywele zimekuwa nyekundu. Mama yake alikuwa binti mdogo, mkimya, alikuwa anafanya vibarua kwenye mbao. Baba yake alikuwa dereva wa lori, muda mwingi yuko njiani kwenda mpakani, na siku hizo hakuwepo. Nyumbani waliishi na mama mzazi wa huyo dereva, mjane, ndiye aliyekuwa anabaki na mtoto mama yake akienda kazini. Sisi tulimuita Bibi Meshaki. Alikuwa mwanamke aliyenyooka, kitambaa kichwani hakijawahi kukaa upande, na alipoingia wodini hata mimi nilijikuta natengeneza shuka.

Mtoto alipimwa kila kitu, kama kawaida yetu, pamoja na virusi vya UKIMWI. Mama naye alipimwa. Majibu alipewa mama mwenyewe, faraghani. Hakuwa navyo, wala mtoto hakuwa navyo. Ilikuwa njaa tu, ile njaa ya kushiba. Tukaanza maziwa. Uvimbe ukaanza kushuka, na asubuhi moja Meshaki alikasirika, akasukuma kikombe, akalia. Mtoto wa wodi ya lishe akianza kukasirika tunashukuru Mungu.

Siku hiyohiyo Daktari Nuru alipita na wanafunzi. Bibi Meshaki alikuwa amekuja kumwona mjukuu, amesimama kwenye kona ya kitanda na hotipoti yake mkononi. Daktari akawaambia wanafunzi, kwa Kiswahili chake kizuri, kwamba mtoto mwenye utapiamlo mkali ana upungufu wa kinga mwilini, kwa hiyo hata akiwa na maambukizi hataonyesha homa. Wanafunzi wakaitikia. Mimi nikaitikia. Tukaenda kitanda kingine.

Haya, nyie mliosoma, niambieni UKIMWI ni kifupi cha nini. Ni upungufu wa kinga mwilini. Daktari wangu alikuwa ametaja ugonjwa kwa jina lake kamili, mbele ya bibi wa mtoto, katika mkoa ambao hakuna ukoo ambao ugonjwa huo haujauzikia mtu. Na hakuna hata mmoja wetu aliyesikia alichokisema, kwa sababu kwetu sisi lilikuwa ni neno la kazi. Bibi Meshaki aliweka hotipoti chini taratibu. Hakuuliza kitu. Alituaga vizuri tu, akatoka, na mimi nikamsifu kwa wenzangu kwamba yule mama ana utulivu.

Kesho yake mchana kitanda kilikuwa kitupu. Shuka limekunjwa, kikombe kimeoshwa. Mwanafunzi mmoja akasema bibi alikuja na bodaboda, akasema wanatoka kuota jua, na jua lenyewe siku hiyo halikuwepo. Daktari Nuru alikaa kwenye kile kitanda akashika kichwa. Mtoto hajamaliza dawa, tumbo ndiyo kwanza linaanza kupokea, nyumbani atapikiwa ugali wa kumkaribisha, na mvua inanyesha. Tulijua wote wawili kwamba akikaa huko anaweza asifike Jumapili. Nikamwambia, "Baki na hawa wengine. Mimi naijua Mahongole."

Nikapanda bodaboda na mwavuli usiosaidia chochote. Njiani nilikuwa naandaa mahubiri. Kichwani mwangu kesi ilikuwa imekwisha: mama mkwe amesikia UKIMWI, mwanawe ni dereva, hataki kuamini kwamba mwanawe amekanyaga waya, yaani ameuokota ugonjwa huko njiani, kwa hiyo mkosaji ni mke, na mke atafukuzwa arudi kwao. Nimeyaona hayo mara nyingi mno. Nilikuwa na hasira, na hasira ikiwa na koti la serikali inajiona ina haki zote.

Nilimkuta Mama Meshaki uwanjani, anapanga ndoo chini ya bati ili kukinga maji ya mvua. Aliponiona macho yalijaa machozi.

"Sista, mimi sijui," akasema kabla sijamuuliza. "Mama alikuja akasema tufunge mizigo. Nilimuuliza kuna nini, akasema nitajua baadaye."

"Mtoto amekula nini?"

"Bado. Mama amesema nisimpe kitu chochote mpaka yeye aseme."

Nikaingia jikoni. Bibi Meshaki alikuwa amekaa karibu na moto, mtoto amemfunga kwenye blanketi juu ya mapaja, kofia kichwani. Nikamshika mtoto miguu, ilikuwa ya moto. Kwa hilo tu nilimshukuru kimoyomoyo. Pembeni kulikuwa na sufuria ndogo ya uji mwepesi unapoa, na juu ya kigoda kulikuwa na kisosi chenye unga mweupe.

"Umekuja kumchukua," akasema.

"Nimekuja kumwona kwanza, mama. Hii kwenye kisosi ni nini?"

Akamwita mkwewe, akamwambia aende nyuma ya nyumba akaangalie lile pipa kubwa kama limekaa vizuri. Akasubiri mpaka hatua zikaishia mbali.

"Ni dawa," akasema.

"Ya nani?"

"Yangu."

Mahubiri yangu yakaniishia mdomoni. Nikakaa chini kwenye mkeka.

"Siku nilipoanza kliniki," akasema, bila kuniangalia, "niliambiwa maneno yaleyale aliyoyasema yule daktari wenu. Upungufu wa kinga. Nikapewa hizi, nikazimeza, kinga ikapanda, ndiyo unaniona. Sasa nyie mtoto mnampa maziwa tu. Nikasema hawa wamemficha. Wanangoja afe, halafu watuambie ni mapenzi ya Mungu."

"Kwa hiyo ukataka kumpa za kwako."

"Nimegawa kidonge kimoja. Yeye ni mdogo."

Mtoto akajinyoosha kwenye blanketi. Bibi akamvuta kofia ikae vizuri, halafu akasema jambo lililokuwa limemkaba tangu wodini. "Ni mimi niliyempa. Mama yake akienda kibaruani mimi ndiye niliyekuwa namtafunia. Nyama, maharage, chochote kigumu. Nawatafunia tangu watoto wangu wa kwanza, ndivyo nilivyotafuniwa na mimi. Sikufikiri. Nimemtafunia mjukuu wangu kifo, Sista."

"Nani mwingine anajua kwamba unatumia dawa?"

"Hakuna. Mwanangu hajui. Huyu binti wa watu ndiyo kabisa. Na ukimwambia sitakusamehe."

Mnisikilize hapa, kwa sababu hapa ndipo pagumu kuliko kumtafuta mtoto mshipa. Nilikuwa na jibu. Neno moja tu, hana, na yule mama angepumua. Lakini jibu lile halikuwa langu. Lilikuwa la binti aliyekuwa nyuma ya nyumba, na hakuwa ameniruhusu. Mtaniambia ni jibu zuri, lina ubaya gani? Leo ukitoa jibu zuri bila ruhusa, kesho kwa mwingine utanyamaza, na kijiji kizima kitajua ukinyamaza una maana gani. Siri inatunzwa yote au haitunzwi. Na ya huyu bibi nayo nilikuwa nimekabidhiwa hapohapo. Siri mbili jikoni kwa mtu mmoja, kila moja ingemponya mwenye nyingine, na mimi nimekaa katikati nimefunga mdomo. Niliumia kwelikweli.

Nikaanza na lililokuwa langu. Nikamwambia dawa ya mtu mzima ini la mtoto huyu haliwezi, na nikamwomba aimwage mwenyewe. Akakichukua kile kisosi, akaumwaga ule unga motoni.

"Mama," nikamuuliza, "nilipofika hapa, mkweo alikuwa anafanya nini nje?"

"Anakinga maji."

"Neno ni hilohilo. Tumbo la Meshaki nalo kazi yake ni kukinga. Chakula kinapoanguka, linakipokea. Sasa limekaa muda mrefu linapata uji mtupu, limechakaa, kinachoanguka kinamwagika. Na askari wa mwili wanaishi palepale kwenye ukuta wa tumbo, wanakula kinachokingwa, wanajifunzia kazi hapo. Wasipokingiwa kitu, hawakui. Upungufu wa kinga aliousema daktari ni huo. Dawa yake ni yale maziwa mliyoyaacha kule."

Akasukuma ukuni motoni. "Kwa hiyo kinga ziko mbili."

"Askari ni walewale, mama. Wa kwako walishambuliwa. Wa Meshaki hawakulelewa."

"Na nani kasema hao wa Meshaki hawajashambuliwa pia?"

"Hilo siwezi kukwambia mimi."

Niliona jinsi uso wake ulivyoanguka. Aliuchukua ukimya wangu kuwa ni ndiyo, na ningekuwa yeye ningeuchukua hivyohivyo. Nikasimama, nikatoka hadi mlangoni, nikamwita Mama Meshaki. Akaja ameloa mabega.

"Mama Meshaki," nikamwambia mbele ya mkwewe, "majibu ya damu ya mtoto ni mali yako. Bibi yake ana hofu. Ukitaka kumwambia, mwambie. Usipotaka, mimi sitasema, na hakuna atakayekulaumu."

Binti alitazama kile kisosi kitupu, akatazama moto, akamtazama mama mkwe wake. Kisha akachuchumaa karibu naye, akamshika goti.

"Mama, Meshaki alipimwa. Na mimi nilipimwa. Hatuna," akasema taratibu. "Niliogopa kukwambia kwamba tumepimwa. Nilidhani utasema namshuku mwanao."

Bibi Meshaki aliinamisha uso kwenye blanketi la mtoto. Akalia humohumo. Mkwe wake hakumuuliza unalia nini. Hakuuliza chochote kuhusu kisosi. Alifunga mizigo kwa mara ya pili siku hiyo, na mimi nikasema moyoni kwamba huyu binti amelelewa na watu wenye adabu.

Tulirudi wodini jioni ileile, sisi wanne, kwa gari la jirani lililobeba viazi. Daktari Nuru alipotuona alinikumbatia mbele ya wanafunzi. Nilipomweleza kosa lilipokuwa, siri za watu nikiziacha pembeni, akasema Kiswahili cha Tanga nacho kinahitaji kupelekwa semina. Tangu hapo wodi yetu haikusema tena kwamba mtoto ana upungufu wa kinga mwilini. Tulisema askari wa tumbo hawajakomaa, wanahitaji kulishwa. Ni maneno marefu zaidi, na akina mama waliyacheka, lakini hakuna aliyekimbia.

Mwili wa Meshaki uliyakubali matibabu. Tukatoka kwenye maziwa mepesi kwenda mazito, kisha chakula dawa, kisha chakula cha nyumbani. Nilimkalisha Bibi Meshaki kwenye jiko la mafunzo, nikamwonyesha kwamba kinu na chujio vinatafuna vizuri kuliko meno ya mtu yeyote. Akaponda maharage, akayachuja maganda, akachanganya na boga na dagaa waliosagwa, uji akapika wa dona, parachichi akalipondaponda juu. Alikuwa mkali kwa akina mama wengine kunishinda mimi. Nilimvuta pembeni siku moja nikamwambia pia kwamba anavyomeza dawa zake vizuri, virusi vimefubaa, asijihukumu kwa yale ya nyuma. Aliniitikia kwa kichwa, akaendelea kuponda.

Siku ya kuruhusiwa, Bibi alitoka mbele na mtoto mgongoni kutafuta bodaboda. Mama Meshaki alibaki kukunja khanga. Mashavu ya mwanawe yalikuwa yamejaa, utepe wa kupimia unene wa mkono umeingia kwenye kijani, rangi ya uzima, na mimi nilikuwa na furaha ya kijinga ile tunayokuwa nayo siku kama hizo. Nikamwagia sifa kwamba alinyamaza vizuri siku ile, hakumuuliza mama mkwe maswali.

"Nimuulize nini, Sista? Zile dawa nazijua."

Nikaacha nilichokuwa nafanya.

"Tangu wiki niliyoolewa," akasema, huku anakunja. "Nilikuwa nafagia chumbani kwake, nikaziona. Kila jioni taarifa ya habari ikianza redioni nampelekea maji ya uvuguvugu kwenye kikombe. Namwambia, mama, kunywa, kifua kisikubane. Nikishatoka ndiyo anameza. Akisahau, namwambia redio imeanza. La kumtafunia mtoto tu ndilo nilikuwa silijui."

"Sasa kwa nini usimwambie kwamba unajua? Mngepumzika wote."

Akaifunga khanga fundo.

"Ataniona aibu," akasema. "Akiniona aibu ataacha kunywa."

Nje Bibi Meshaki alikuwa anaita, mwanangu, fanya haraka, jioni inaingia na mimi sijafika nyumbani. Binti akaitikia, "Nakuja, mama," akanyanyua mzigo, akamfuata.